Dogo alilipa, wakarudi tena: kisa kimoja cha picha, mama na shule

Kisa hiki, cha mtoto aliyetishiwa kwa picha yake ya utupu ili atoe hela, nimesimuliwa na mwalimu wa malezi aliyekishika mwanzo mpaka mwisho, mama wa mtoto karidhia kisimuliwe, na vya kumtambulisha mtu nimeviondoa vyote kwa hiyo msijisumbue kuotea ni shule gani. Nimekiandika kirefu makusudi, maana ushauri wa "walindeni watoto mitandaoni" tumeusikia mpaka basi, ila mambo yanaharibikia saa ngapi hasa na nani anayaharibu, hapo huwa watu wanaparuka.

Mtoto ni wa kiume, miaka 14, yuko sekondari, mkimya, darasani wa katikati, hana kesi na mtu. Nataja mapema kwamba ni wa kiume kwa sababu wazazi wenye wavulana wakisikia habari za picha za utupu wanajua linawahusu wenye mabinti. Kwa utapeli wa aina hii, wa kumtishia mtoto kwa picha yake mwenyewe ili atoe hela, wanaowindwa zaidi ni wavulana, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipotoa tahadhari Desemba 2022 ilisema kabisa waliokuwa wamebanwa wengi wao ni wavulana. Msichana mara nyingi anatishiwa ili atume picha zaidi, mvulana anatishiwa ili atume pesa, tena sasa hivi.

Sasa twende kwenye tukio. Jumapili, saa nne usiku, dogo yuko kitandani na simu, akaunti ya msichana ikamfuata Instagram. Picha za kawaida tu, yuko na rafiki zake, yuko na mbwa, hakuna cha kumshtua mtu. Dogo akafungua profaili akakuta wanafunzi wenzake kadhaa wameshafuatana naye, na hapo wasiwasi wote ukamtoka. Kumbe kila mmoja wa wale wenzake alikubali kwa sababu hiyo hiyo, kaona jina la mwenzake, na hakuna hata mmoja anayemjua huyo msichana. Tapeli anahitaji mmoja tu wa kwanza asiyejali, waliobaki wanaingia wenyewe.

Wakaanza kuchati. Mambo, poa, unasoma wapi, aah hapo hapo, basi fulani lazima unamjua. Huyo fulani ni mtoto wa kweli wa shule ile, jina limetolewa kwenye orodha ya wafuasi ambayo iko wazi kwa kila mtu. Baada ya robo saa msichana anasema "huku mama yangu anapekua simu, njoo Telegram". Angalieni hiyo sentensi ilivyotengenezwa, inamfanya dogo aone wako upande mmoja dhidi ya mama, na wakati huo huo inamhamisha kutoka mahali ambapo angalau kuna mitambo inayonusa akaunti za ajabu. Mtu mgeni akitaka mhame apu siku hiyo hiyo mliyojuana, kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuacha, hata kama hajaomba chochote bado.

Huko Telegram msichana akatuma picha zake, akasema zamu yako. Kufika saa tano na robo dogo alikuwa ametuma moja, na uso unaonekana.

Haikupita dakika mbili. Ikarudi kolaji: picha yake upande mmoja, upande wa pili picha ya siku ya zawadi kutoka kwenye ukurasa wa shule, amevaa sare, chini kaandikwa jina lake kamili na darasa, halafu skrinshoti ya wafuasi wake na jina la shangazi yake limezungushiwa duara jekundu. Meseji ilikuwa fupi: "Shangazi huyu. Una dakika 20." Kisha zikawa zinakuja namba tupu. 18. 15. 11. Dogo alimwambia mwalimu zile namba ndizo zilizomvuruga kuliko matusi yaliyofuata, maana alikuwa hawezi kufikiri kitu kingine zaidi ya kuzitazama zikishuka.

Ile kasi ndiyo utapeli wenyewe. Mtoto akipata hata nusu saa ya utulivu anaweza kuamka akamwambia mtu, kwa hiyo kazi yao ni kuhakikisha hiyo nusu saa haipati.

Hela hana. Mama kalala, simu ya mama iko sebuleni, pini anaijua kwa sababu yeye ndiye anayemsaidia mama kununua bando na kulipa bili. Akatuma. Jibu likaja "safi, bado nusu nyingine". Akatuma tena kilichobaki. Likaja dai jipya.

Hili la kulipa nitalisema mara moja tu: ukilipa hawaondoki, umewaonyesha kwamba kuna hela na kuna woga. Kuna kesi ya Michigan, Marekani, ya Machi 2022, kijana wa miaka 17 alidaiwa dola 1,000, akatuma 300, wakaendelea kumbana, na ndani ya saa chache akapoteza maisha. Ndugu wawili waliofanya hivyo, Samuel na Samson Ogoshi, walipelekwa Marekani kutoka Nigeria wakahukumiwa Septemba 2024 kifungo cha miaka 17 na nusu kila mmoja. Siwatajii hili kuwatia hofu, nawatajia mjue kwamba kwenye visa hivi hatari kubwa kuliko picha kusambaa ni mtoto kubaki peke yake usiku na ile aibu.

Turudi kwa wetu. Jumatatu alienda shule hajalala. Kwenye kipindi cha hesabu akasinzia, akatolewa nje. Mama aliona salio limepungua akadhani ni makato. Chakula cha usiku hakugusa, akasema tumbo. Jumanne simu ilikuwa inatetemeka mfululizo kila ikiwekwa mezani na yeye anaigeuza kifudifudi. Dalili zilikuwepo ila kila mmoja ana maelezo yake, na kusema kweli silaumu mtu hapo, mtoto wa miaka 14 kusinzia na kununa si habari. Kinachoweza kumshtua mzazi ni vitu hivyo kuja kwa pamoja ghafla: usingizi, chakula, hela, na simu kufichwa, vyote ndani ya siku mbili.

Jumanne usiku picha ikatumwa kwa wanafunzi watatu wa darasa lake. Mmoja, msichana, alimwonyesha dada yake mkubwa nyumbani na dada akamwambia futa hiyo, usimtumie mtu, kesho kamwambie mwalimu. Wa pili alinyamaza. Wa tatu akafowadi.

Jumatano, ambapo shule iliongeza tatizo

Yule msichana alifanya alivyoambiwa, akamwendea mwalimu wa darasa, mwalimu wa darasa akapeleka kwa mwalimu wa nidhamu. Kwa nini nidhamu? Kwa sababu ndiko kunakopelekwa kila kitu chenye harufu ya ubaya, hakuna mtu aliyewahi kuamua vinginevyo. Na mwalimu wa nidhamu akaona kwa macho ya kazi yake, yaani nani kavunja sheria. Akamtafuta wa tatu aliyekuwa nayo bado, akasema nitumie hiyo picha kama ushahidi, kisha akaiweka kwenye grupu la WhatsApp la walimu na maneno "uongozi naomba muone hili".

Grupu lina watu zaidi ya thelathini.

Nadhani hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na ndiyo maana nakaa hapa. Picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18 katika nchi nyingi ni picha ya unyanyasaji wa mtoto, na sheria haiulizi uliiweka kwenye simu kwa nia gani, kuwa nayo ni kosa, kuituma ni kosa kubwa zaidi. Mwongozo ambao Uingereza iliwapa shule zake mwaka 2020 kuhusu mambo haya unawaambia walimu wasiiangalie, wasiinakili, wasiitume, na wasimwambie mtoto awatumie. Unachohitaji ni maelezo: nani, lini, kupitia apu gani, inaonyesha nini kwa maneno, imefika kwa nani. Andika kwenye karatasi, weka tarehe, sahihi. Basi. Hakuna swali hata moja la kesi hii ambalo jibu lake lilihitaji mwalimu wa pili aione ile picha.

Halafu kuna la kiufundi ambalo walimu hawakulijua. Admini alifuta ile posti baada ya saa moja hivi, wakaona yameisha. Lakini WhatsApp kwenye simu nyingi inahifadhi picha yenyewe kwenye galari, na galari inapandisha nakala kwenye akaunti ya picha ya mtandaoni bila kukuuliza. Ukifuta kwa wote, inayotoka kwa uhakika ni ile ya kwenye chati, nakala iliyokwishaingia galari usiitegemee kutoka. Ilibidi mwalimu wa malezi apite kwa mmoja mmoja ofisini awaambie wakague galari, wakague tupio, wakague na akaunti ya mtandaoni, na kuna waliokuta bado ipo, mmoja simu yake mwanawe anachezea gemu.

Mama naye alipigiwa simu: njoo shuleni sasa hivi, mtoto wako ana kesi. Hakuambiwa kesi gani. Fikiria mtu anatoka kazini na hilo neno kichwani njia nzima. Alipofika akaambiwa mbele ya walimu wanne na mtoto amesimama, akapigwa na aibu, akafanya ambavyo wengi wangefanya, akamnyang'anya simu, akafuta mazungumzo yote ya Telegram, akafuta picha, akaiondoa na akaunti ya Instagram, huku analia na kuuliza "ulikuwa unafikiria nini lakini?"

Hapo ushahidi ukaondoka. Na kuna kingine kiliondoka, nitakifikia.

Aliyeingia na kukaa chini

Mwalimu wa malezi alikuwa darasani muda wote huo, aliingia wakati mama anafuta. Kwa alivyosimulia, cha kwanza aliomba watu wapungue, wakabaki yeye, mama na mtoto. Cha pili alikaa, maana wote walikuwa wamesimama. Akamwambia dogo, "Mwanangu, aliyefanya kosa hapa ni mtu mzima aliyeko huko mbali, wewe umeibiwa. Nina maswali machache tu, sihitaji kuona chochote." Mama akataka kuongea, mwalimu akamwambia mama yangu, tupe dakika kumi, nitakuachia uongee naye mtakavyo.

Swali la kwanza kabisa halikuwa la picha. Alimuuliza kama tangu Jumapili amewahi kuwaza kujidhuru. Alimuuliza hivyo hivyo wazi, bila kuzungusha. Watu wanaogopa kuliuliza wakidhani linamtia mtoto wazo, ila mtoto mwenye wazo hilo anapata nafuu kuulizwa na asiye nalo anasema hapana. Dogo alinyamaza kwanza, halafu akasema Jumatatu usiku. Kwa hiyo ikaamuliwa hapo hapo kwamba usiku ule halali peke yake, na kesho yake waende kumwona mshauri wa afya ya akili. Mambo mengine yote yakawa ya pili.

Kisha wakaanza kuokoa kilichookoka. Kwa bahati vitu havifutiki haraka kama tunavyodhani. Galari za simu nyingi zina tupio linalokaa siku 30 hivi, dogo akafungua mwenyewe, mwalimu kakaa upande wa pili wa meza na kioo hakioni, akazirudisha skrinshoti mbili za Telegram alizopiga Jumapili ili asikosee namba ya kutumia hela. Hizo ndizo zikawa ushahidi mkubwa: jina la mtumiaji lile lenye alama ya @, namba ya kupokelea pesa, na muda. Instagram nayo ukiomba akaunti ifutwe inakupa siku 30 za kughairi, wakaingia tena, akaunti ikarudi, na meseji za mwanzo za yule "msichana" bado zilikuwepo. Mazungumzo ya Telegram ndiyo yalikwenda moja kwa moja.

Wakapiga skrinshoti za profaili na anwani yake, kwa sababu jina la kuonyesha linabadilishwa kila saa. Wakairipoti akaunti kutoka ndani ya chati, halafu ndipo wakaibloku. Huo mpangilio una maana, ushahidi kwanza, ripoti pili, bloku mwisho. WhatsApp kwa mfano ukimripoti mtu kampuni inapokea meseji zake tano za mwisho kwako, kwa hiyo anayefuta kwanza ndipo aripoti anatuma ripoti ambayo haina kitu ndani.

Baada ya hapo wakaingia Take It Down. Hii wazazi na walimu wachache wanaijua na inauma, maana ni ya bure. Inaendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na walionyanyaswa, ilianza Desemba 2022, na inapokea watu wa nchi yoyote kwa picha iliyopigwa ukiwa chini ya miaka 18, hata kama sasa umeshakuwa mtu mzima. Inavyofanya kazi: unachagua picha kwenye simu yako, simu yenyewe inatengeneza msururu wa herufi na namba unaoiwakilisha ile picha, na kinachotumwa ni huo msururu, picha haitoki. Majukwaa yaliyojiunga, Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat yakiwemo, yanapekua kwao kama kuna inayolingana na kuizuia. Huhitaji kutaja jina. Kasoro zake mbili ni kwamba haiingii kwenye mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji kama WhatsApp, na picha ikikatwa au kubadilishwa inaweza kupita.

Na sasa mmeelewa nilichosema kingine kiliondoka. Ili msururu utengenezwe lazima picha iwepo kwenye simu. Mama alipoifuta alikuwa anafuta ule ufunguo wenyewe wa kuizuia, bahati nayo ilikuwa bado tupioni. Wangeshtuka mwezi mmoja baadaye na tupio limejisafisha, ingebidi waanze kuitafuta kwa wale waliotumiwa, yaani aibu juu ya aibu.

Kwa nini hakusema Jumapili

Hili ndilo nililolisubiri. Mwalimu alimuuliza, mbona hukumwamsha mama? Chumba cha mama kiko ukuta wa pili. Dogo akajibu, "Angechukua simu."

Mtu mwingine anacheka hapo, yaani umeshikwa shingo na matapeli halafu unaogopa kunyang'anywa simu. Lakini kumbe alikuwa na sababu. Akiwa na miaka 12 kuna mtu mzima kwenye gemu alimuuliza maswali ya ajabu, akaenda kumwambia mama yake, mtoto kafanya kitu sahihi kabisa bila kufundishwa, na mama kwa hofu akachukua simu mwezi mzima. Hakugomba wala hakupiga, alichukua tu ili amlinde. Dogo akajifunza: ukisema, unaadhibiwa. Mimi kwa mtazamo wangu kesi hii ilianza kuharibika siku ile, miaka miwili kabla ya huyo msichana wa uongo kutokea, na shule ingeweka vichujio vya kila aina bado Jumapili saa tano usiku yule mtoto angekuwa peke yake na zile namba zinazoshuka.

Kwa hiyo mzazi ukiniuliza ufanye nini kimoja tu leo, mwambie mwanao maneno haya kabla hakijatokea kitu: ukiniambia jambo la mtandaoni, hata kama wewe ndiye uliyekosea, simu haichukuliwi kwa sababu ya kuniambia. Halafu uyatimize siku ya kwanza atakapokujaribu, na atakujaribu na kitu kidogo, meseji ya ajabu, video aliyoiona kwa bahati mbaya. Ukilipuka kwa hicho kidogo, kikubwa hutakisikia. Na siku akileta kikubwa neno la kwanza liwe "umefanya vizuri kuniambia", hata kama moyoni unawaka. Ya kugomba, kama yapo, yatasubiri wiki.

Umri wa uongo

Kuna kitu kidogo mwalimu alikigundua wakati wanarudisha akaunti na mimi nakiona kina uzito. Kwenye mipangilio ya Instagram mtoto huyu ana miaka 20. Alijiunga akiwa na 10, akaambiwa hujafikisha umri, akarudi nyuma akaandika mwaka mwingine. Huo mpaka wa miaka 13 umetokana na sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu taarifa za watoto, ikaenea majukwaani karibu dunia nzima, na karibu kila mtoto anajua kuuruka. Sasa tangu Septemba 2024 Instagram ilianza kuwaweka vijana kwenye akaunti maalumu, inakuwa ya faragha yenyewe, wasiofuatana nao hawawezi kuwatumia meseji, na wa chini ya 16 hawawezi kulegeza bila mzazi. Ulinzi mzuri tu, ila unamkinga aliyesema ukweli kuhusu umri wake. Huyu wa kwetu mfumo ulimwona ni mtu mzima, ukakaa pembeni.

Ingieni mwangalie tarehe ya kuzaliwa kwenye akaunti za wanenu. Mkae naye, irekebishwe. Na zile programu za mzazi kama Family Link ya Google msizitegemee kwa lisilo lake, zinapanga muda na apu za kupakua, ndani ya meseji haziingii.

Yale ya shule

Alhamisi mkuu wa shule alisimama mstarini akaongea kuhusu "tabia chafu zinazoingia kwa njia ya simu". Hakutaja jina. Shule nzima ilijua jina. Mwalimu wa malezi alikuwa amemwomba asifanye hivyo kwa sababu akaunti ile ilikuwa inafuatana na wanafunzi wengine, na ilikuwa karibu hakika kuna mwingine ameshabanwa. Hakuja mtu wiki ile. Hakuja wiki iliyofuata. Alikuja msichana wa darasa la juu baada ya mwalimu kupita darasa kwa darasa bila kelele, akiwaambia kuna akaunti inatapeli, ikikunasa kosa si lako, mimi na matroni tunapatikana, hatuhitaji kuona picha, na hakuna anayepelekwa nidhamu kwa kuripoti. Msichana yule alikuwa kwenye hali hiyo kwa zaidi ya mwezi.

Wale watatu walioipokea walishughulikiwa tofauti tofauti na naona ilikuwa haki. Aliyeripoti alishukuriwa faraghani. Aliyenyamaza alielekezwa. Aliyefowadi aliitwa na wazazi wake, akaeleweshwa kwamba kisheria alichofanya kina jina, akafuta mbele ya wazazi, na adhabu yake haikutangazwa, kwa sababu ukitangaza adhabu umetangaza na picha.

Kikao cha wazazi kilikuwa kirefu na kama mnavyojua vikao, nusu ya muda ilikwenda kwenye hoja moja: simu zipigwe marufuku shuleni. Mimi sina ugomvi na hilo, kwa umakini wa darasani ina mantiki, UNESCO kwenye ripoti yake ya elimu ya 2023 ililiongelea kwa mapana, na Australia imekwenda mbali zaidi, tangu Desemba 2025 walio chini ya 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye majukwaa makubwa. Lakini kwenye kisa hiki simu ilikuwa kitandani nyumbani, Jumapili. Marufuku ya shule isingeigusa. Mzazi mmoja baba wa watu akauliza swali ambalo liliwanyamazisha wote, ile picha ya siku ya zawadi yenye jina kamili na darasa aliiweka nani mtandaoni?

Shule ndiyo iliyoiweka. Miaka yote inaweka, kwa kujivunia, jina, darasa, sare, wakati mwingine na mzazi pembeni. Tapeli hakuhitaji kudukua chochote. Wakakubaliana picha za makundi ziendelee bila majina, majina ya washindi yatangazwe kwenye ubao wa ndani, na mzazi asaini kwanza. Za zamani zimeanza kushushwa, ni kazi ya taratibu kwa sababu aliyekuwa na paswedi ya ukurasa alishahama.

Kilichobaki

Hela hazikurudi. Polisi walipokea skrinshoti na namba ya malipo, faili lipo. Akaunti nyingine mpya mpya ziliendelea kumtafuta dogo siku kadhaa, hakujibu hata moja, zikakoma. Mama alibadilisha pini, na simu zote za nyumba ile, ya mama ikiwemo, usiku zinachajiwa sebuleni. Hiyo ya mama kuwemo dogo ndiye aliyeidai, na mama akakubali.

Shule sasa ina karatasi moja ukutani kwenye ofisi ya walimu: nani anapokea taarifa, usione, usitume, andika, mpigie mzazi na umwambie ni jambo gani na kwamba mtoto yuko salama, usimwache mtoto peke yake. Ambacho hawajakimaliza ni likizo. Mwalimu wa malezi simu yake ya ofisi inafungwa shule zikifungwa, ya kwake binafsi hataki kuigawa kwa wanafunzi na ana haki, na mkuu alisema litajadiliwa muhula ujao.